AMEYEYUKA? Kwani yeye ni barafu?

Dada yenu nipo nyumbani Mabawe. Kwa wageni wa safu hii, siyo mabawa ya ndege jamani, ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi kwa mpigo. Nyie wa mjini mkiona jua la saa mbili asubuhi, sisi huku bado tunausubiri ukungu uinuke bondeni ndipo tujue mbuzi wa jirani wako wapi.

Basi bwana, juzi nimepata ujumbe wa msomaji mmoja, dada wa Buguruni. Naunukuu kama ulivyo, jina nimeficha: "Dada naomba ushauri. Mchumba wangu ameyeyuka na laki nne yangu ya kodi. Simu haipatikani wiki ya tatu sasa. Nifanyeje?"

Nimeusoma mara tatu. Pole sana mdogo wangu, laki nne siyo pesa ya kuchezea, tena ya kodi, tena kwa mwenye nyumba wa Dar anayetaka miezi sita kwa mkupuo. Lakini nikisema kweli, kilichonikaa kichwani siyo hata hiyo laki nne. Ni lile neno. Ameyeyuka. Kwani jamaa ni barafu? Ni samli? Mtu ana kilo sabini, ana viatu namba arobaini na mbili, ana laini mbili za simu, anayeyuka vipi?

Nikamjibu "pole, nipe muda", halafu nikahamia jikoni kwa mama na kigoda changu. Birika lilikuwa jikoni linaimba. Nikalitazama. Na safu ya wiki hii ikaanzia pale pale.

Tuanze na mambo ya jikoni yenyewe. Samli ukiiweka kwenye kikaango inayeyuka. Mshumaa umeme ukikatika unayeyuka. Barafu inayeyuka. Sukari kwenye chai nayo inayeyuka, ingawa wenye sayansi yao watakuambia sukari haikugeuka kuwa maji, imejificha tu ndani yake. Sawa. Kote huko kitu bado kipo. Samli ipo kwenye kikaango, nta ipo mezani imeganda na kumpa kazi anayefanya usafi, sukari ipo, onja chai utaikuta. Kuyeyuka, kwa haki yake, ni kulegea. Siyo kuondoka.

Sasa maji ya kwenye birika ukiyasahau jikoni yakaisha? Hayo hayakuyeyuka. Hayo yamegeuka mvuke. Shuleni wanaita mvukizo, neno ambalo sijawahi kulisikia kwenye daladala hata siku moja. Nani umemsikia akisema "shati langu limevukizwa"? Shati linakauka. Dimbwi linakauka. Spiriti ya sindano ikipakwa mkononi unasikia ubaridi, ukitazama haipo, unasema imekauka. Petroli kwenye kidumu kisichofungwa vizuri inapungua, na muuzaji anamsingizia kijana wake wa kazi. Pafyumu uliyonunua kwa mbwembwe inapotea harufu. Yote hayo ni kitu kile kile kimoja, kimiminika kinageuka kuwa hewa, lakini sisi tumekipa majina ya matokeo. Tunachosema ni kwamba kitu hakipo tena. Kimekwenda wapi, hatusemi.

Siyo kwamba Kiswahili hakina neno. Lipo, tena la zamani na zuri: kufuka. Chungu kinafuka, ugali wa moto unafuka. Ukiongeza kidogo unapata kufukiza, kama akina mama wa Pwani na ubani wao na udi wao wa kwenye nguo. Na mwaka 2020 korona ilipoingia, nchi nzima tukajifunza upya kujifukiza. Nani hakupiga nyungu mwaka ule? Mchaichai, majani ya mwarobaini, tangawizi, malimau, unajifunika blanketi unatoka jasho kama umekimbia kutoka Kimara hadi Posta. Bibi yangu alicheka sana. Alisema sisi tumekuwa tukijifunika mablanketi juu ya vyungu tangu yeye hajaota meno, ila alikuwa hajajua kuwa siku moja mambo yake yatasemwa redioni kila taarifa ya habari. Kama nyungu ilitibu au haikutibu, hapo siingii, mimi si daktari. Nasema neno tu.

Ila kuna jambo moja linanichekesha. Sisi Waswahili mvuke tunauita moshi. Treni ya zamani tukaiita garimoshi, wakati iliyokuwa ikiivuta ni nguvu ya mvuke. Moshi ulikuwa takataka tu inayotoka juu. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914 kwa nguvu ya maji yanayochemka, na sifa zote zikaenda kwa moshi. Hata serikali nayo ikaingia kwenye mkumbo huo. Nchi hii ina sheria ya mwaka 1966 inayohusu gongo, na jina lake ni Sheria ya Moshi. Ndiyo, moshi. Siyo mji ule wa Kilimanjaro, ni kinywaji. Pombe inayopatikana kwa kuchemshwa na kukusanywa mvuke wake, wakaiita moshi, wakapiga marufuku kuitengeneza bila kibali.

Hebu leo fanya jaribio. Chemsha maji kwenye birika, lisogelee (usijiunguze ukanisingizia mimi), tazama mdomo wake. Karibu kabisa na mdomo, upana wa kidole hivi, huoni kitu. Peupe. Mbele yake kidogo ndipo linapoanza lile wingu jeupe. Watu wote tunasema lile wingu ndio mvuke. Siyo! Mvuke wenyewe ni pale pasipoonekana kitu. Lile jeupe ni mvuke umeshapoa umerudi kuwa maji, vitone vidogo vidogo sana, kama ukungu wetu wa asubuhi. Kwa hiyo unapoona, ujue umeshaanza kurudi.

Nilijuaje haya yote na mimi ni mtu wa kidato cha nne tu? Nitakuambia, lakini kwanza nikusimulie kosa langu.

Nikiwa darasa la tano, mwaka 2009, tulipewa mtihani wa sayansi. Swali lilikuwa hivi: maji yaliyo kwenye sahani juani yanapotea kwa njia gani? Mimi nikaandika kwa mwandiko safi: Yanayeyuka. Nikapata mkasi mwekundu mkubwa, ule unaopenya hadi ukurasa wa pili. Mwalimu akanisimamisha. "Wewe, barafu umeiona wapi?" Darasa likavunjika mbavu. Na kweli, barafu niliyokuwa nimeiona maishani ni zile za kwenye vifuko vya nailoni, za rangi nyekundu inayobaki ulimini hadi kesho yake.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma aliandika "yanapaa mbinguni" akapewa nusu. Mimi sifuri.

Nililia, lakini si kwa sababu ya sifuri. Nililia kwa sababu nilikuwa na uhakika na lile neno. Mimi sikulitoa kwenye barafu. Nililitoa nyumbani.

Baba yangu aliondoka Mabawe mwaka 2007, nikiwa na miaka tisa. Alisema anakwenda Kahama kwenye dhahabu, kama walivyokuwa wakienda wanaume wengi wa kwetu, wengine Kahama, wengine Geita. Alituma pesa mara mbili kwa mtu. Ya tatu haikuja. Ikapita masika, ikapita kiangazi, kahawa ikachumwa ikauzwa. Majirani wakija kumsalimia mama, nikiwa nachambua maharage pembeni kama sisikii, walikuwa wanasema kwa sauti ile ya chini ya kuhurumia: "Yule mwenzio ndiyo kayeyuka hivyo."

Sasa nambie wewe. Mtoto wa miaka tisa anafanyaje hesabu? Baba alikuwepo, hayupo, hakuna aliyemwona akienda, hakuna aendako panapojulikana, na hilo watu wazima wanaliita kuyeyuka. Maji yalikuwepo kwenye sahani, hayapo, hakuna aliyeyaona yakienda. Jibu ni lile lile! Mimi nilikuwa mwanafunzi mwenye mantiki kuliko wote mle darasani. Ningepewa hata robo.

Mama yangu alibaki na watoto watatu, migomba na kiporo cha deni dukani. Huku ndizi hazikosekani. Ndizi zikiiva unakamua pombe. Wahaya wanaiita rubisi, jirani zetu Warundi wanasema urwarwa. Lakini rubisi ni pesa ya chumvi na kiberiti. Mama akafanya walichokuwa wakifanya wanawake wengi wasiokuwa na mshahara wala mume wa kutuma pesa. Akaanza kupika gongo.

Najua mhariri atakuna kichwa hapa. Asikate tafadhali. Mama mwenyewe nimemuuliza, amesema andika, si siri, mahakama inajua.

Sitaandika jinsi ya kupika maana wapo wanaosoma na kalamu mkononi. Nitasema tu nilichokiona. Pombe inachemka kwenye chungu kilichozibwa, mvuke unapita kwenye bomba, bomba linapita kwenye maji baridi, na upande wa pili linatoka tone. Tone. Tone. Usiku kucha. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji yale ya baridi yakipata moto, na kumwamsha mama kama tone likibadilika sauti. Nilijifunza kusikiliza matone kama wenzangu mlivyojifunza kusikiliza nyimbo.

Basi nikafika kidato cha pili. Ada ya shule ya kutwa wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, maana elimu bila ada ilianza Januari 2016, sisi tayari tumeshapita. Elfu ishirini inaonekana ndogo ukiwa Kinondoni. Ongeza michango, sare, madaftari, viatu, uone. Kila shilingi ya pale ilitoka kwenye lile bomba, tone kwa tone. Siku moja mwalimu wa kemia anachora ubaoni: chupa inachemka, mvuke unapanda, unapita kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi, unatoka tone upande wa pili. Akasema hii inaitwa kukeneka, na lile bomba lina jina la Mjerumani mmoja, Liebig. Mimi nikacheka peke yangu. Akaniuliza kinachochekesha nini. Ningesema nini mpenzi msomaji? Kwamba huyo Liebig analala chini ya kitanda chetu?

Lakini siku ile nilielewa kitu. Kilevi kinachemka kwenye nyuzi kama 78, maji kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo ukiutunza moto usizidi, kilevi kinatangulia kuondoka, maji mengi yanabaki. Ndiyo maana mama alikuwa mkali sana kuhusu kuni. Ukiweka kuni nyingi kwa uvivu wa kuamka, unapata maji yenye harufu. Mama hakuwahi kuiona thamometa maishani mwake, alikuwa anaijua nyuzi 78 kwa mkono. Na tena huku milimani hata hiyo mia haifiki. Kila ukipanda mita 300 hivi maji yanachemka kwa nyuzi moja pungufu, ukiwa mita 1,500 juu ya bahari ni kama nyuzi 95. Nyie mnaokuja likizo mkilalamika maharage ya Ngara hayaivi, acheni kumsema mpishi. Maji yenyewe yanawahi kuchemka kabla hayajapata moto wa kutosha.

Mama alikuwa akimwaga kikombe cha kwanza. Alisema ni cha mizimu. Mwalimu alisema kuna kilevi kingine, methanoli, chenye kuchemka mapema zaidi, kwenye nyuzi kama 65, na hicho ni sumu ya macho na ya roho. Kumwaga kikombe hakukuhakikishii lolote, maana vitu hivi havitengani kwa adabu kama foleni ya benki. Na wako watu wasio na huruma wanaochanganya spiriti za viwandani makusudi. Mwaka 2010 Kabale, nchini Uganda, makumi ya watu walikufa kwa waragi iliyokuwa na methanoli. Kabale siyo Ulaya, ni huku huku kwetu ukanda wa ziwa. Kwa hiyo sisemi gongo ni kitu kizuri. Nasema tu ndiyo iliyonisomesha, na vyote viwili ni kweli kwa pamoja, na mimi sijui pa kuviweka.

Mwaka 2013 walikuja usiku. Mbwa walibweka, mama akawa amechelewa. Chungu kikavunjwa, bomba likachukuliwa kama ushahidi, mama akalala mahabusu usiku mbili akalipishwa faini. Nilichokumbuka sana ni harufu. Walimwaga vidumu viwili uani, na kulipokucha uwanja ulikuwa mkavu kabisa. Ada ya mwaka mzima, ardhini hakuna hata unyevu. Jirani akapita akatazama, akasema, "Mtaji umeyeyuka." Kwa mara ya kwanza maishani nikaona neno limekaa karibu na mahali pake, na nilichukia.

Mama hakupika tena. Alianza upya na vitumbua na maandazi, na mjomba akanisaidia vidato viwili vilivyobaki.

Sasa turudi mjini. Nyie ndio mmelipanua hili neno hadi limechanika. Bando limeyeyuka. Mshahara umeyeyuka tarehe tano. Na mkaongeza lingine, "usiniyeyushe bwana", maana yake usinipige chenga, usiniambie njoo kesho njoo keshokutwa. Hilo mimi nalipenda, lina ukweli ndani yake. Mtu akikuyeyusha unalegea kweli, unakuwa samli, lakini angalau yupo anayeshika kikaango! Ana jina. Linganisha na "ameyeyuka". Hapo hakuna aliyefanya kitu. Limetokea tu, kama hali ya hewa.

Na magazeti (samahani mhariri, na letu limo) yanalipenda balaa. Mamilioni ya ushirika yayeyuka. Ndoto za timu fulani zayeyuka. Fedha haina miguu, haina joto lake yenyewe. Kumbuka mambo ya EPA, zile shilingi bilioni 133 zilizolipwa kutoka Benki Kuu mwaka 2005, ukaguzi ukaanikwa Januari 2008. Wananchi vijiweni walikataa kabisa kusema zimeyeyuka. Walisema zimechotwa. Kuchota kuna mkono, kuna kata, kuna ndoo, kuna anayebeba kwenda nazo nyumbani. Mimi nilikuwa mtoto, lakini kaka zangu wa kijiweni pale walikuwa wataalamu wa Kiswahili kuliko wengi waliovaa tai.

Bibi yangu naye ana yake. Anasema mwisho wa Aprili 1994 aliona watu wengi ambao hakudhani dunia inao. Kiasi cha laki mbili na nusu walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja na kidogo, wakaijaza Benako. Kambi ikawa kama jiji, ina masoko, ina vinyozi. Halafu Desemba 1996 pale pale pakabaki majivu na vipande vya turubai. Vijana wa siku hizi wakimuuliza, bibi, wale watu waliyeyukia wapi, anakasirika. "Hawakuyeyuka! Walitembea. Mvua inanyesha, na watoto mgongoni, na masufuria kichwani, wengine walikuwa wanakimbilia ndani huku kwetu, askari wakawageuza." Zaidi ya laki nne walirudishwa mwezi ule mmoja. Bibi anakumbuka hata rangi ya vitenge. Kwake yeye kusema watu wameyeyuka ni kusema hukuwa unatazama.

Nikirudi kwenye maji, hata yenyewe hayajui kupotea. Mto Ruvubu unaungana na Kagera hapo juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo, Kagera unakwenda kumwagika Ziwa Victoria, na wengi tunadhani kutoka pale maji yote yanaelekea Jinja yawe Nile. Wapi! Maji mengi zaidi yanaondoka ziwani kwa kugeuka mvuke kuliko yanayopita Jinja. Yanapanda kimya kimya mchana kutwa, hakuna anayeyaona wala kuyaaga, yakifika juu kwenye baridi yanakuwa wingu, na sehemu kubwa inarudi ziwani humo humo kama mvua. Lile bomba la chini ya kitanda chetu, ila kubwa.

Juzi hiyo hiyo birika likiimba nikamuuliza mama swali ambalo sikuwahi kumuuliza kwa miaka yote hii. "Mama, mbona wewe hukuwahi kusema baba ameyeyuka? Watu wote walisema, wewe sikukusikia."

Alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda. "Kwa nini niseme hivyo? Nilijua alipo."

Nikahisi kigoda kinacheza. "Ulijua?"

"Alikuwa Kahama. Alioa huko mwaka wa pili. Mtu alikuja akaniambia, na picha akanionyesha. Kaondoka, mwanangu. Alifunga begi mwenyewe, mimi ndiye niliyempa shilingi ya nauli. Ningesema ameyeyuka, ningekaa namsubiri anyeshe?"

Sikuwa na la kujibu. Nikainuka nikaepua birika.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Buguruni, ushauri wangu nimeshakutumia pembeni lakini nauweka na hapa kwa faida ya wengine. Futa lile neno. Andika upya ujumbe wako hivi: Fulani amechukua laki nne yangu tarehe fulani, akazima simu. Ukishaandika hivyo utaona maswali yanakuja yenyewe. Ulimpa mkononi au kwa simu? Kama ni kwa simu, ujumbe wa muamala usiufute, ndiyo karatasi yako. Nani anamfahamu? Dada yake anauza wapi? Kazini kwake umekwenda? Polisi umekwenda? Mtu aliyeyeyuka huwezi kumfungulia jalada, hakuna askari atakayeandika mvuke kwenye kitabu. Mtu aliyechukua, unaweza. Na mwenye nyumba mwambie ukweli mapema kabla hajaja na kufuli.

Nilimtumia hayo Jumanne usiku. Alhamisi nikiwa namalizia kuandika safu hii akanijibu. Alikwenda kwa shemeji yake sokoni Ilala, akamkuta shemeji anababaika, akakaa kwenye gunia la viazi akasema haondoki. Ilipofika saa kumi shemeji akachoka kumwangalia.

Jamaa yuko Tabata. Kapanga chumba. Kodi kalipa miezi sita.

Haya, tuonane wiki ijayo.